Usinunue Swichi Bado, Mdogo Wangu

Barua za mawifi na wachumba leo naziweka kando, zitanisubiri. Kuna ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa hapa hapa Bariadi mjini ambao nimeona nisiulaze, maana fundi wake anasubiri jibu, na anasubiri na pesa.

Mdogo wangu huyu ana steshenari ndogo kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Ana kompyuta ya mezani na printa. Mdogo wake wa chuo ana laptopu. Sebuleni kuna televisheni ya kisasa inayoingia YouTube, halafu kuna simu janja nne, kila moja na bando lake. Anataka nyumba nzima iunganishwe. Fundi kamwandikia karatasi: ruta, swichi ya matundu 24, boksi zima la waya wa mtandao, na kabati la chuma la kutundika ukutani. Ananiuliza, "Dada, nikope au nisubiri msimu wa pamba?"

Usikope. Na pamba ikiuzwa, hela ile iende kwenye ada. Karatasi uliyoandikiwa inaifaa ofisi ya mkuu wa mkoa, nyumba ya vyumba vinne haina kazi nayo. Boksi zima la waya lina mita 305. Kutoka sebuleni kwenu hadi chumba cha nyuma sidhani kama zinafika 15. Zilizobaki utaanikia nguo? Vifaa vyako vinavyotaka waya ni viwili, labda vitatu, na ruta nyingi za nyumbani huja na matundu mawili hadi manne mgongoni. Swichi utainunua siku matundu yakikuishia, na siku hiyo ya matundu matano itakutosha kabisa.

Kabla ya kununua chochote, kuna jambo nataka likukae. Watu wengi wanachanganya mtandao wa nyumbani na intaneti, kisha wanalipia vitu ambavyo ni vya bure. Ruta yako ikiwaka, hata kama ndani hakuna laini, hata kama bando liliisha tangu juzi, vifaa vyote vilivyounganishwa nayo vinaonana. Laptopu inatuma kazi kwenye printa. Televisheni inacheza filamu iliyo kwenye kompyuta ya chumba cha mbele. Simu ya mama inachukua picha za harusi kutoka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Hakuna MB hata moja inayokatwa. Bando linaguswa pale tu kifaa kinapotaka kitu kilicho nje ya nyumba.

Sasa tazama mnavyofanya leo. Mdogo wako yuko sebuleni, wewe uko kwenye steshenari, anakurushia video kwa WhatsApp. Video ile inapanda mnarani, inasafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni huko ughaibuni, inageuza, inarudi Bariadi, inashuka kwenye simu yako. Yeye kalipia kuipandisha, wewe umelipia kuishusha, na kati yenu kuna ukuta mmoja. Nyumba yenye simu nne inafanya hivyo kutwa nzima, halafu jioni mnalaumiana nani kamaliza bando.

Kwa hiyo anza na ulichonacho. Simu yako ikiwashwa hotspot ni ruta ndogo tayari. Chagua simu moja, weka bando moja la maana badala ya vibando vinne vya siku, unganisha kompyuta, laptopu na televisheni, mkae hivyo wiki moja. Utajifunza mengi bila kutoa senti ya kifaa. Utajua nani anakula nini. Nakudokeza mapema kwamba mlaji mkubwa atakuwa televisheni: filamu ya ubora wa HD inaweza kumeza hadi GB 3 kwa saa moja, na watoto hawazimi. Utajua pia kwa nini hotspot haitoshi. Betri ya simu inachemka, na mwenye simu akienda sokoni anaondoka na mtandao wa nyumba nzima mfukoni. Ukishachoka na hilo, ndipo ununue ruta, kwa sababu unajua unainunulia nini.

Intaneti yenyewe uitoe wapi? Pita ofisi ya TTCL uulize kama faiba imefika mtaani kwako. Uliza mtaa, usiulize mji, maana nguzo ya mwisho inaweza kuwa imeishia kwa jirani wa tatu. Kama haijafika, basi ni ruta ya laini, ile unayochomeka laini kama ya simu. Hapo wadogo zangu wanachagua kampuni kwa tangazo la redioni au kwa sababu shemeji anaitumia huko Mwanza. Mnara wa Mwanza haukuhusu. Azima laini za kampuni tofauti, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, yoyote utakayopata kwa ndugu na majirani. Kaa mahali pale pale unapotaka kuweka ruta, upime kasi kwa kila laini. Usipime saa nne asubuhi, pima saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani. Mnara mmoja unagawiwa watu wengi. Ndiyo maana kwenye mkusanyiko mkubwa kama Nane Nane pale Nyakabindi, simu inaweza kuonyesha alama zote za mnara na ukurasa usifunguke.

Ukipima, usitishwe na tarakimu. Kasi inatajwa kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiona 20 kwenye kipimo, gawa kwa nane: ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Kwa nyumba yako inatosha na kubaki.

Ruta ziko za aina mbili. Kuna zilizofungwa kwa kampuni moja, mara nyingi bei yake ni nafuu, na kuna zinazokubali laini zote. Mimi ningeongeza hela kidogo nichukue ya pili, ili kampuni ikianza kusuasua ubadilishe laini tu. Na laini ya ruta isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama ya kidole chako. Usikubali ile ambayo muuzaji anakuambia "imeshasajiliwa, wewe weka tu." Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa, na hiyo ya muuzaji ina mwenyewe mahali fulani. Piga *106# uone ni laini ngapi zina jina lako. Ukiikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika waiondoe.

Haya, ruta imefika. Usiikimbize kwenye kabati la televisheni. Nyumba zetu zina maadui wawili wa mawimbi: bati na tofali la kuchoma. Bati juu linazuia mawimbi ya mnara, kuta nene ndani zinazuia waifai. Ruta ikae juu, karibu na dirisha, mbali na friji na mikrowevu, na kama inawezekana iwe upande wa mnara lakini si pembezoni kabisa mwa nyumba. Usikisie. Unganisha laptopu na ruta, fungua kivinjari, andika ile anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Ndani yake, kwenye taarifa za mtandao, tafuta herufi RSRP. Mbele yake kuna namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: kutoa 85 ni pazuri, kutoa 110 ni pa kuhangaika. Hamisha ruta kutoka mezani hadi kwenye kizingiti cha dirisha, subiri kidogo, soma tena. Utashangaa hatua moja inavyobadilisha mambo. Fanya hivyo madirisha yote kabla hujapiga msumari wowote ukutani.

Ukiwa humo humo ndani ya ruta, badilisha nywila mbili. Nasema mbili kwa sababu watu wanabadilisha moja. Ya kwanza ni ya waifai, ile mnayowapa wageni. Ya pili ni ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambayo mara nyingi imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, neno "admin" na basi. Ukiiacha, kijana yeyote aliyepewa waifai anaweza kuingia akabadilisha kila kitu, pamoja na kukufungia nje ya ruta yako. Kwenye usalama chagua WPA2 au WPA3, na kitufe cha WPS ukizime. Afadhali nywila iwe ndefu kuliko kuwa ya ajabu. Maneno manne ya Kisukuma yasiyohusiana, yaliyoandikwa bila nafasi, yanatosha sana na bibi atayakumbuka.

Ruta nyingi sasa zinatoa mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5 GHz. Ya 5 ina kasi lakini inachoka ukutani. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iwekee 5, chumba cha nyuma na simu za zamani zitumie 2.4. Hapo sina la kuongeza.

Tuje kwenye waya, maana najua fundi wako atarudi. Kompyuta ya mezani haitembei, kwa hiyo ipe waya. Haiyumbi na inaachia simu nafasi kwenye waifai. Nunua mita unazohitaji, uongeze mbili za kupitishia pembeni mwa ukuta. Waombe wauzaji wakukatie kipande ukione. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukikuta ndani kumetoa rangi ya fedha badala ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inakatika ukiikunja na inasumbua kadiri siku zinavyokwenda. Irudishe.

Kuvalisha kichwa cha waya usiogope, hata wewe unaweza. Menya ganda la nje karibu sentimita tatu. Utaona nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Zinyooshe, zipange kutoka kushoto, kile kibonyezo cha plastiki cha kichwa kikiangalia chini: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Hapo pa kijani ndipo watu wanapokosea. Wanataka kijani zikae pamoja kwa sababu zilikuwa pamoja, ila mpango unazitenganisha na kuweka buluu mbili katikati. Kata ncha zilingane, sukuma hadi uone shaba zote nane zimefika mwisho wa kichwa, ndipo ubane kwa koleo lake. Kama koleo huna, mlipe fundi kwa kazi hiyo tu. Waya wa namna hiyo, hata kwa kasi ya kawaida ya megabiti 100, unahamisha filamu ya GB 1 kwa dakika moja na nusu hivi, na bando halijui kama kuna kitu kimepita.

Baada ya hapo, kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta ya mezani, angalia kama mtandao huu umewekwa Public au Private. Chagua Private, maana ni nyumbani kwako. Ukichagua ile nyingine inajificha na vifaa vingine havitaiona. Halafu tengeneza folda moja uishirikishe. Moja tu. Weka humo filamu, nyimbo, na ile mitihani ya zamani ya darasa la saba na kidato cha nne ambayo walimu huja kuchapa kila siku. Kwenye simu, na kwenye televisheni kama inaikubali, weka programu ya VLC, ni ya bure, itaiona folda hiyo. Ukiwa na nafasi, shusha mara moja programu ya Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili. Watoto watasoma bila intaneti.

Lakini nisikilize vizuri hapa, wewe mwenye steshenari. Kwenye kompyuta yako kuna nakala za NIDA za watu, vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, namba za TIN. Hizo zisiingie kabisa kwenye folda ya kushirikishana, na mteja akishachukua karatasi zake, futa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mtu aliyekukabidhi kitambulisho chake hakukipa nyumba nzima. Wateja wanaoomba waifai wawekee mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao, unauwasha kwa kugusa kitufe kimoja kwenye ukurasa ule ule. Humo wanapata intaneti, kompyuta yako hawaioni.

Kama printa yako ina waifai, iunganishe na ruta moja kwa moja. Kama ni ya waya wa USB tu, ishirikishe kupitia kompyuta ya mezani, ila ujue kompyuta ikizimwa na printa imepotea kwa wengine. Na kabla hujalala siku hiyo, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya kila kompyuta ya Windows, uwashe sehemu ya Metered connection. Bila hiyo, Windows ikiona waifai inadhani umelipiwa na serikali, inajishushia masasisho usiku kucha, na asubuhi bando lina sifuri. Kompyuta iliyo kwenye waya nayo ifanyie hivyo hivyo. Masasisho uyashushe kwa hiari yako, siku una bando la usiku, lakini usiyaache kabisa, maana ndiyo yanayoziba mianya ya virusi.

Umeme. Shemeji mmoja kaniandikia kwamba hataki ruta iwake muda wote, itamaliza LUKU. Shemeji, angalia kichwa cha adapta ya ruta, mara nyingi kimeandikwa volti 12, ampea 1. Hiyo ni wati 12 kwa uwezo wake wote. Ikiwaka mchana na usiku haifiki theluthi ya uniti moja kwa siku. Pasi ya dakika ishirini inaweza kula zaidi, na hatujawahi kukukataza kunyoosha shati. Cha kuogopa ni radi. Kanda yetu hii ya Ziwa ngurumo zake mnazijua. Mawingu yakifunga, chomoa ruta ukutani, na kama kuna waya wa antena unaotoka juu ya bati, chomoa na huo. Kilinda umeme cha dukani kinasaidia TANESCO ikiyumba, radi ya kweli hakiizuii. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, kuna betri ndogo za ruta zinazotoa volti 12. Linganisha volti na za adapta yako kabla ya kulipa, kwa sababu ziko ruta za volti 9 na zinaweza kuungua. Na wenye sola, msichomeke ruta kwenye betri moja kwa moja. Betri ya 12 ikiwa inachajiwa inapanda hadi 14 na zaidi. Fundi aweke kidhibiti cha volti katikati.

Siku mtandao ukigoma, kabla hujampigia fundi, tuma karatasi moja kwenye printa kutoka kwenye laptopu. Ikichapa, ndani hakuna shida, tatizo liko nje: bando, laini au mnara. Isipochapa, angalia ndani. Fungua taarifa za mtandao za kompyuta. Kama anwani yake inaanza na 169.254, maana yake haijapewa anwani na ruta, kwa hiyo kagua waya au zima ruta uiwashe tena. Majaribio hayo mawili yatakuokolea pesa nyingi za "kuja kuangalia."

Jirani atakuja, hilo nalo nalijua. Leo ataomba nywila, kesho watoto wake sita. Mpe mtandao wa wageni, uwekee kikomo cha kasi kama ruta inaruhusu, na ubadilishe nywila kila mwezi. Kumbuka laini ina jina lako. Matusi au utapeli ukipitia hapo, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wa kwanza kuulizwa anaweza kuwa mwenye laini. Ukifikia kutaka kuwauzia majirani kwa mwezi, hiyo ni biashara nyingine. Nenda kwanza TCRA uulize leseni. Kuna wenzetu wa Kondoa, Dodoma, waliojenga mtandao wa jamii, na wa Kibera kule Nairobi kupitia shirika la Tunapanda, lakini hawakuanza kwa kumrushia jirani waya dirishani.

Na wewe wa Mwanhuzi uliyeuliza kuhusu kamera ya kulinda zizi: nunua ile yenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, irekodi humo humo. Zile zinazopeleka kila kitu mtandaoni zitakula bando la mwezi kabla ya wiki kuisha. Pima kwanza kama waifai inafika zizini, kwa simu, usiku, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa. Isipofika niandikie umbali kwa hatua, tutaona kama ni waya au ni ruta ya pili.